Datsun 240Z ya 1972: ninunue giaboksi ipi ya gia tano?

DerevaWaTrela (Changamwe, Mombasa)

Salamu kwa wakubwa na wadogo. Mimi ni dereva wa trela, safari zangu ni Mombasa na Malaba, mwaka wa kumi na sita huu. Wiki nzima nina gia kumi na mbili mkononi wala sioni taabu. Nikirudi nyumbani, hii Datsun ya gia nne ndiyo inayonitoa jasho.

Gari lilikuwa la ami yangu, Mungu amrehemu. Shekhar Mehta aliposhinda Safari Rally na 240Z mwaka 1973, ami alikuwa kijana amesimama kando ya barabara. Alirudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope, akaapa kuwa moja atakuwa nayo. Ilimchukua miaka kumi na mmoja. Wanawe hawakulitaka, wanasema gari la milango miwili halibebi hata gunia la mchele, basi likaja kwangu.

Bodi si mbaya ukilinganisha na chumvi ya huku kwetu. Injini ni L24 yake ya asili, na asubuhi ukiipiga stata unaisikia inaguruma vizuri, silinda zote sita. Shida ni giaboksi. Nikitoka ya tatu kuingia ya pili inakwaruza kama kijiko kwenye sufuria. Nikikanyaga klachi mara mbili, kama tulivyofunzwa kwenye malori ya zamani, inaingia kimya. Kwa hiyo najua ni sinkro, zile ringi zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, sihitaji mtu wa kunitoza pesa aniambie ni sinkro. Ya tatu nayo imeanza kuruka nikiteremka Mazeras. Tena haina gia ya kupumzika: kwa kilomita 100 taco, ile saa ya mizunguko ya injini kwa dakika, inasoma 3,300 hivi, na nikifika Mtito Andei masikio yanavuma mpaka usiku. Juzi shemeji yangu alinifuata na Probox kutoka Voi, tuliposimama akaniuliza kwa nini nakimbia kama ninafukuzwa. Nikamwonyesha mshale, mia tu. Hakuniamini.

Nimepata mbili:

A. Ya 280Z, miaka ya 1977–78. Iko hapa hapa Mombasa kwa muuza vipuri vya mtumba, anataka 45,000. Gia ya tano ni 0.864, yaani injini ikizunguka 0.864 shafti ya nyuma inatoa mzunguko mmoja.

B. Ya 280ZX, miaka ya 1981–83. Iko Sharjah, mpaka inifikie mkononi ni kama 110,000. Gia ya tano ni 0.745.

Au C, niifungue hii ya nne nibadilishe ringi na beringi, nivumilie.

Naomba mniongoze maana nishaungua. Mwaka jana niliuziwa "gia tano ya Z" nikaifunga mwenyewe na kijana mmoja. Saa tano usiku nimelala chini ya gari, giaboksi iko juu ya kifua, natafuta matundu ya bolti. Mawili ya juu yanaonana na ya injini, yaliyobaki kila moja linatazama kwao. Ilikuwa ya pikapu ya dizeli. Muuzaji akasema bidhaa ikitoka mlangoni hairudi.

KijanaWaTurbo (Nairobi)

Broo, toa hiyo injini weka 2JZ ya Toyota na giaboksi yake. Tatizo limeisha.

DerevaWaTrela

Ami angefufuka anizabe kofi. Mwingine ajibu.

BinSharja (Sharjah)

Ndugu yangu pole kwa lile la dizeli. Mimi ni mtu wa Unguja lakini niko huku siku nyingi, naingia kwenye mayadi ya vipuri karibu kila wiki kuwatafutia watu wa huko nyumbani. Sina hisa katika hiyo B yako, simjui anayeiuza.

Giaboksi hizi huwezi kuzijua kwa sura. Gamba la giaboksi ya 280ZX ya mwaka 1979 na la ile ya mwaka 1982 mimi siwezi kuyatofautisha nikiwa nimesimama juani, na muuzaji ndiyo hawezi kabisa, yeye anasoma alichoandikiwa kwa chaki. Meno yaliyo ndani ndiyo tofauti. Kwa hiyo usiombe picha. Omba video, na mwambie afanye hivi: aingize gia ya tano, aweke alama kwenye shafti ya mbele na nyingine kwenye ile ya nyuma inayopokea propela, halafu azungushe ya mbele mara kumi kamili kwa mkono. Ya nyuma ikizunguka mara 13 na karibu nusu, hiyo ni 0.745. Ikiwa mara 11 na nusu na kidogo, hiyo ni 0.864. Kisha arudie na gia ya kwanza. Ya 1981–83 ina 3.062, kwa hiyo mizunguko kumi ya mbele inatoa mitatu na robo nyuma. Ile ya 280Z ina 3.321, inatoa mitatu tu, huoni hata hiyo robo. Anayekataa kuzungusha shafti mara kumi kwa mkono, muage kwa salama.

Kitu kingine. Kuna watu huku wanauza giaboksi ya 280ZX ya turbo kwa bei ya juu kwa sababu ya jina. Ile ya miaka ya 1982–83 ni T5 ya BorgWarner, si ya ukoo mmoja na yako. Ni giaboksi nzuri, lakini utatafuta propela nyingine, kiegemeo kingine na mambo ya spidomita. Usiingie huko bila sababu.

FundiTanga (Tanga)

Lala kiubavu usome maandishi ya hiyo uliyo nayo sasa. Kama ni F4W71B, furahi: FS5W71B ya gia tano ina urefu ule ule, propela haikatwi, na fimbo ya gia inatokea pale pale. Kama ni ya aina ya A, ambayo huwa kwenye magari ya mwanzo, fimbo itagonga ukingo wa tundu la sakafu na utataka fimbo iliyopindwa. Hiyo 71 ni milimita kati ya shafti ya juu na ya chini. W ni sinkro za mtindo wa Warner, C ni za mtindo wa Porsche. Nakwambia hivi kwa sababu atakuja mtu kukuambia utafute ile ya gia tano iliyotoka na gari, ya FS5C71. Ringi zake za mtindo wa Porsche utazitafuta hadi uzeeke.

Sasa sikiliza la klachi maana hapa ndipo watu wanapofungua gari mara mbili. Rilisi beringi, ile inayosukuma klachi iachie, imekaa kwenye kola. Kola hizi zina urefu tofauti, na kola inafuata presha pleti, ile sahani inayobana klachi, haifuati giaboksi. Giaboksi yoyote utakayonunua itakuja na kola yake ndani, na fundi mwenye haraka ataiacha humo kwa kuwa ni safi kuliko yako. Ukifunga, ama klachi haiachi kabisa hata ukanyage mpaka sakafuni, ama inateleza siku ya kwanza. Ichomoe, weka ile ya kwako iliyokuwa ikifanya kazi na presha pleti hiyo hiyo.

Kabla ya kulipa, fungua nati ya kumwagia oili, chovya kidole. Oili ikiwa na unga wa dhahabu unaong'aa ukiisugua kwa gumba, hiyo ni shaba ya ringi, ni uchakavu wa kawaida. Ukihisi punje za chuma zinazokwaruza kidole, funga nati, sema asante. Na ukishafunga kwenye gari, fungua nati ya kujazia kwanza kabla ya ile ya kumwagia. Nimeona mtu amemwaga oili yote halafu nati ya juu imegoma, gari likalala gereji siku nne.

Oili iwe GL-4, 80W-90. Ukienda dukani watakupa GL-5 wakisema ni kubwa zaidi kwa hiyo ni bora. Hiyo ni ya difu, zile gia za nyuma zinazopeleka mzunguko wa propela magurudumuni. Dawa zake hazielewani na shaba, na inateleza mno kiasi kwamba ringi haiwezi kushika. Nina wasiwasi hata hiyo ya pili yako iliuawa hivyo.

MzeeSpana (Nairobi)

Nimesoma yote. Mmesema vizuri, lakini nyote mmemjibu kijana swali alilouliza, na swali lenyewe lina pengo. Giaboksi hainunuliwi peke yake. Unachohisi kwenye kiti ni giaboksi mara difu, na difu hakuna aliyeihesabu.

Tairi zako nadhani ni 195/70 za inchi 14, wengi ndizo wanazofunga. Tairi hilo likizunguka mara moja linakwenda karibu mita 1.97. Kwa kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 845 kwa dakika. Gia yako ya nne ni moja kwa moja, kwa hiyo taco gawanya kwa 845 ndiyo difu: 3,300 kwa 845 inatoka 3.9, yaani propela inazunguka mara 3.9 tairi likizunguka mara moja. Inakubaliana na ninavyozijua hizi gari, 240Z za gia tano zilikuja na difu ya 3.9, zile za Marekani za gia nne ndizo zilizokuwa na 3.364.

Ukiwa na 3.9:

A itakupa kama 2,850 kwa kilomita mia. B itakupa kama 2,450. Hiyo tofauti ya 400 utaisikia, hasa wewe unayelalamikia masikio. Kwenye kupanda, gia ya kwanza ya A ni 3.321 mara 3.9, karibu 13. Ya B ni karibu 12. Gari lenyewe ni jepesi, 12 inatosha kabisa. Kwa hiyo kwa difu hiyo mimi ningejinyima nikanunua B.

Lakini ami yako amekaa na gari hilo miongo mingapi? Na gia tano yake ilikwenda wapi? Aliyeweza kubadilisha giaboksi anaweza kubadilisha difu. Usinunue chochote mpaka uihesabu. Piga jeki tairi moja tu la nyuma, lingine libaki chini, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Gia iwe nyutro. Freni ya mkono iachilie, la sivyo utasukuma tairi mpaka ung'oe bega. Chora chaki kwenye tairi, chora nyingine kwenye propela. Zungusha tairi mara mbili kamili, taratibu, mwenzako awe chini anahesabu propela. Ni mara mbili kwa sababu lile tairi jingine limesimama, difu inagawa, nusu inapotea. Ukipata karibu minne, ni 3.9.

Halafu huyo shemeji wa Probox. Mimi sijamsahau.

KijanaWaTurbo

Mzee huyu anapiga hesabu kama anadai pesa za chama.

DerevaWaTrela

Nimerudi. Niliingia safari nikakwama Malaba siku tatu, foleni.

Jana baada ya alasiri nimefanya kama Mzee alivyosema. Mimi kwenye tairi, mwanangu wa darasa la saba chini ya gari na tochi. Mzunguko wa kwanza akasema "moja… haijafika mbili baba, imepita nusu kidogo." Wa pili ukiisha akasema tatu na theluthi. Nikamwambia rudia, umekosea. Tumerudia mara nne. Mara ya tatu tulibadilishana, nikaingia mimi chini. Chaki ya propela ilianza juu kabisa saa sita, ikapita juu mara tatu, ikasimama kwenye saa nne na kidogo. Tatu na theluthi. Mtoto hakukosea.

Sasa 3.364 na taco ya 3,300 haziingii pamoja, hata mimi niliona. Leo asubuhi nimempakia huyo mtoto na simu yenye GPS, tukaenda mpaka Mariakani. Mshale ukiwa kwenye mia, simu inasema 115, mara 116. Miaka miwili nimekuwa nikiendesha 116 nikijiona mstaarabu. Trela yangu imefungwa kifaa cha mwendo, haizidi 80, labda ndiyo sababu mwili wangu hauna kipimo cha gari dogo. Shemeji nimempigia simu kumwomba radhi. Amefurahi kupita kiasi.

Maandishi ya giaboksi ni F4W71B, FundiTanga. Propela imesalimika.

MzeeSpana

Nilijua kuna mtu anadanganya na shemeji hakuwa yeye. Gawanya 3.9 kwa 3.364 upate 1.16. Spidomita yako imepigiwa hesabu ya difu ya 3.9. Difu ya asili ilivunjika au iliuzwa, ikaingia ya 3.364, kipinyoni cha spidomita, kile kigia kidogo kwenye giaboksi kinachozungusha waya wake, kikabaki kile kile.

Basi turudi mwanzo, na safari hii difu ni 3.364.

B: 0.745 mara 3.364 ni 2.506. Kwa kilomita mia za kweli ni kama 2,120. Huko Mombasa kwenye usawa wa bahari pengine ungeipenda. Lakini barabara yako inapanda tangu baharini mpaka mita 1,700 na zaidi huku kwetu, na hewa nyepesi inaila nguvu injini ya kabureta. Ukifika Kiu utakuwa unarudi ya nne kila kichuguu. Na gia yake ya kwanza inakuwa 10.3. Kuondoka kwenye mlima na abiria utachoma klachi kwa harufu ninayoijua.

A: 0.864 mara 3.364 ni 2.906. Sasa tazama ile B na difu ya 3.9 niliyokusifia juzi: 0.745 mara 3.9. Nayo ni 2.906. Zinaachana kwenye tarakimu ya nne, hata taco haiwezi kuona. Yaani giaboksi ya 45,000 iliyoko mtaani kwenu, na difu ambayo tayari imefungwa chini ya gari lako, zinakupa ile ile 2,450 niliyotaka ulipie 110,000. Gia ya kwanza inakuwa 11.2 badala ya 12. Itakuwa nzito kidogo kuondoka. Kwa mtu anayeondoa trela na makontena, sidhani utalia.

Sasa wewe unasema unakwenda mia kwa 3,300 na masikio yanauma. Kumbe ulikuwa 116. Hata giaboksi uliyo nayo, ukienda mia ya kweli ni 2,840. Ukitaka kubana pesa kabisa, C na mguu mwepesi si wazo baya. Lakini ya pili imekufa na ya tatu inaruka, ukiifungua utakuta na beringi na hab za sinkro, gharama itaikaribia A na bado utabaki na gia nne. Mimi ningechukua A.

BinSharja

Nasikitika kwa niaba ya Sharjah nzima.

FundiTanga

Mzee, hapo umenifunga mdomo. Ila kijana, A usiichukue kwa hesabu tu. Mizunguko kumi, na kidole kwenye oili.

DerevaWaTrela

Nimeenda leo. Muuzaji aliniona nachora chaki kwenye giaboksi yake akauliza kama mimi ni mganga. Nikamwambia shika huku, hesabu. Gia ya tano, kumi za mbele, kumi na moja na nusu na kidogo nyuma. Ya kwanza, tatu. Nikaipitia kila gia, hakuna penye mkwamo, ingawa rivasi inataka kusukumwa kwa nguvu. Oili ilikuwa nyeusi kama kahawa chungu, unga wa dhahabu upo, punje hakuna. Nikaanza na 35,000, tukaachana kwenye 40,000 pamoja na fimbo na kiegemeo chake cha nyuma. Watu waliokuwa wakinywa chai pale walikuwa wameanza kuhesabu mizunguko nao.

Kola ya klachi iliyokuja ndani ni fupi kuliko yangu, nimezisimamisha pamoja juu ya meza, tofauti ni kama unene wa kidole kidogo. Bila FundiTanga ningeiacha humo, maana kweli inang'aa kuliko yangu.

Nimebaki na moja. Kipinyoni cha spidomita cha zamani kina meno 20. Kilichokuja na hii kina 18. Niweke kipi?

MzeeSpana

20 ndicho kilichokudanganya. Ukiweka 18, mshale ukisema mia utakuwa kama 104. Unachotaka ni 17, hapo mshale utasema mia ukiwa 98 au 99. Meno yakipungua mshale unapanda.

DerevaWaTrela

Basi ni 17. Afadhali mshale unidhulumu kuliko askari wa kamera pale Emali. Kuna mwenye nacho?

BinSharja

Ninavyo viwili kwenye droo. Nipigie picha ganda linaloshika hicho cha 18, nione kama yanafanana, kisha nikupe mtu anayekuja Mombasa Alhamisi. Pesa utampa yeye.